Watano kati yetu 12 wameumia. Je, hii ni kawaida?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Mwaka jana nilipimwa nikaambiwa presha iko juu, basi Januari mimi na majirani tukaanzisha kundi la kukimbia. Tuko watu 12. Tunakimbia Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi, jumla ya saa tatu hivi kwa wiki. Tunalenga kilomita 21 za mbio za Nairobi mwezi wa Oktoba. Hadi Juni tulikuwa tunafika kilomita 8. Julai tukaona muda unayoyoma, tukapanda moja kwa moja hadi 14. Sasa ni Agosti na watu watano wameumia: wawili magoti, mmoja kisigino, mmoja ameteguka kifundo cha mguu, na mmoja analalamika muundi unauma hata akiwa amelala. Watatu kati yao waliumia baada ya ile Jumamosi ya kilomita 14. Nimesoma mtandaoni kwamba Marekani wanaoumia michezoni ni kama 34 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Sisi ni 5 kwa 12! Mke wangu anasema niache kabla magoti hayajasagika. Je, watu wa kawaida huumia kiasi gani hasa? Na sisi tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, umenirahisishia kazi kwa kuhesabu. Wengi huja na maneno "watu wanaumia sana siku hizi", na ukiwauliza wangapi, lini, wakifanya nini, wananyamaza. Wewe umeleta watu, siku, saa, umbali na kiungo kilichoumia. Nimefanya kazi ya fiziotherapia upande huu wa Eastlands kwa miaka 19, na makocha wenye daftari kama lako nimekutana nao wachache.

Nianze na ile namba iliyokutia hofu. Ni namba halali. Kituo cha takwimu za afya cha Marekani kilichukua miaka ya 2011 hadi 2014, kikapata wastani wa majeraha milioni 8.6 ya michezo na burudani kwa mwaka, sawa na 34.1 kwa kila watu 1,000. Ila tazama hao 1,000 ni akina nani. Ni wananchi wa kila aina. Mtoto wa miezi sita yumo. Nyanya wa miaka 85 yumo. Dereva wa lori ambaye hajakimbia tangu amalize shule yumo. Majeraha ya wanaocheza yamegawanywa kwa watu wote, hata wale ambao hawakupata nafasi ya kuumia. Tena jeraha lilihesabiwa tu kama mtu alitafuta ushauri au matibabu. Aliyejifunga kitambaa akaenda zake hamo kwenye hesabu.

Theluthi mbili hivi ya majeraha hayo yalikuwa ya watu wa miaka 5 hadi 24, na zaidi ya sita kwa kila kumi yaliwapata wanaume na wavulana. Hilo halishangazi, wao ndio wengi viwanjani. Kilichonishangaza mimi nilipoisoma ripoti ile ni kwamba shughuli iliyotajwa mara nyingi kuliko zote haikuwa mpira wa aina yoyote. Yalikuwa mazoezi ya kawaida ya mwili, haya haya yako na yangu. Ulaya nako, takwimu za hospitali za nchi za Umoja wa Ulaya zimeonyesha watu karibu milioni 6 kwa mwaka wakitibiwa hospitalini kwa majeraha ya michezo, na mmoja kati ya kila kumi akilazwa. Huko soka ndiyo inayoongoza kwa mbali.

Sasa fikiria mtaani kwenu. Ukibisha hodi mlango kwa mlango Umoja nzima uulize nani aliunguzwa na mafuta ya moto mwezi uliopita, utawapata wachache, uone mafuta hayana neno. Kisha toka jioni uende kwa akina mama wanaokaanga chipsi na mihogo kando ya barabara, uwaulize swali lile lile. Watakunja mikono ya sweta wakuonyeshe makovu. Mafuta ni yale yale. Tofauti ni nani amesimama mbele ya karai, na kwa saa ngapi.

Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na majeraha hupenda kugawanya kwa saa badala ya vichwa vya watu. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walikusanya pamoja tafiti nyingi za wakimbiaji wakaja na namba ambazo nazitumia mpaka leo. Wanaoanza kukimbia walipata majeraha 17.8 kwa kila saa 1,000 za mbio. Waliozoea, wale wanaokimbia kwa kujifurahisha, walipata 7.7. Anayeanza huumia zaidi ya mara mbili kuliko aliyezoea, kwa saa zile zile, barabara ile ile.

Tuliingize kundi lenu hapo. Saa tatu kwa wiki, wiki 34 hivi tangu Januari, ni kama saa 100 kwa kila mtu. Mara watu 12, mmekimbia saa 1,200. Kwa kiwango cha wanaoanza, mngetarajiwa kupata majeraha 21. Kwa kiwango cha waliozoea, 9. Nyinyi mna 5. Kwa ile namba ya Marekani, watu 12 wangepata jeraha 0.4 kwa mwaka mzima, maana yake mngengoja miaka miwili na miezi kadhaa kabla mtu mmoja hajaenda kwa daktari. Unaona jinsi watano wale wale wanavyoweza kuonekana balaa kwa kipimo kimoja na wachache kwa kipimo kingine.

Kwa kundi la watu wanaoanza, basi, hali yenu ni ya kawaida, na tena ni nafuu. Isipokuwa naamini hukuwahesabu wote. Nadhani umewahesabu walioacha kuja. Jumamosi hii, kabla ya kuondoka, waulize wote 12 swali moja: "Wiki hii kuna mahali palipokuuma ukapunguza mwendo au ukakatisha njiani?" Utaona mikono mingine ikiinuka. Majeraha ya michezo ni kama kiboko majini, unachokiona ni masikio na pua. Watafiti wa Oslo, Norway, walilithibitisha hilo mwaka 2013. Badala ya kungoja mwanamichezo akose mazoezi ndipo wamwandike, waliwauliza wanamichezo wao kila wiki maswali manne mafupi kuhusu maumivu. Matatizo yanayotokana na kutumia kiungo kupita kiasi yaliyojitokeza yalikuwa mara kumi hivi ya yale yaliyonaswa kwa njia ya zamani. Kwa hiyo ukisoma popote kwamba asilimia fulani ya watu huumia, tafuta kwanza waliita nini jeraha. Mapitio ya tafiti za wakimbiaji wa masafa marefu yaliyotoka mwaka 2007 yalikuta majeraha ya miguu ni kuanzia asilimia 19.4 katika utafiti mmoja hadi 79.3 katika mwingine. Pengo kubwa hivyo haliletwi na miguu tu. Sehemu yake kubwa inatokana na ufafanuzi na muda wa kuhesabu.

Usichukue hiyo 34 ukaizidisha kwa wakazi 4,397,073 waliohesabiwa Nairobi mwaka 2019 ili kupata majeraha ya jiji letu. Wamarekani wanahesabu baiskeli za kujifurahisha, ubao wa magurudumu, michezo ya theluji. Mwendo wetu sisi ni wa namna nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta Wakenya watu wazima wasiofikia kiwango cha shughuli za mwili kinachopendekezwa ni asilimia 6.5 tu. Mtu anayetoka Mukuru kwa miguu alfajiri kwenda Industrial Area, akabeba mizigo siku nzima na kurudi jioni kwa miguu, yumo kati ya wale wanaotimiza, ingawa hajawahi kuvaa jezi. Akija kwangu na kisigino kinachouma, hicho ni kisigino cha kazi. Wewe wa ofisini, anayekaa siku tano na kukimbia siku mbili, ni mwili mwingine kabisa, hata kama mna umri mmoja.

Kuna jambo lingine linalofanya majeraha yetu yasionekane. Kijana akianguka mpirani Jumapili na kupelekwa kliniki Jumatatu, kwenye kitabu huandikwa "jeraha la tishu laini, mguu wa kulia". Mpira hautajwi. Na huyo ni yule aliyefika. Wengi wa wanaokuja kwangu wamekwisha kupita kwanza kwa mama anayekanda, wakakandwa kwa maji moto na mafuta mpaka uvimbe ukapanda maradufu, kisha duka la dawa wakapewa vidonge vya maumivu, kisha wakarudi uwanjani. Ninapowaona ni mara ya tatu au ya nne kuumia pale pale.

Naomba nikae hapo kidogo kwa sababu ya mwenzenu wa kifundo cha mguu. Mwaka huu nilimhudumia fundi wa kuchomelea, kijana wa miaka 29, anayecheza beki kila Jumapili. Alikuja kwa sababu mguu wa kulia ulikuwa umevimba mpaka kiatu cha kazi hakiingii. Nilipomuuliza lini aliutegua mara ya kwanza alifikiri kidogo akasema, "Nikiwa kidato cha tatu." Tangu hapo ulishateguka mara nne. Nilimwambia avue soksi zote mbili asimame kwa mguu wa kushoto, ule usioumia, macho wazi. Akasimama sekunde 30 bila shida. Nikamwambia afumbe macho. Akatikisika, akafika sekunde 20. Uvimbe ulipoisha, wiki tatu baadaye, tukajaribu mguu wa kulia. Macho wazi, vidole vyake vilikuwa vinakwaruza sakafu kama vya kuku juu ya ukuta. Macho yalipofumbwa hakumaliza sekunde tatu, nikamdaka bega. Kwa miaka 12 alikuwa akicheza mpira kwa mguu ambao haukujua uko wapi. Ligamenti za kifundo, zile nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, zina mishipa ya fahamu inayoiambia akili mguu umeinama kiasi gani. Zikichanika na zisifunzwe upya, uvimbe utaisha, maumivu yataisha, lakini taarifa hiyo inachelewa, na shimo dogo tu la uwanjani linatosha. Kati ya yote tunayojua kuhusu nani ataumia kesho, kuwa na jeraha la jana ndicho kiashiria chenye nguvu kuliko karibu vyote.

Tulimfundisha kusimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki, asubuhi na usiku, kisha juu ya mto uliokunjwa, kisha akirushiwa mpira. Hakuna kifaa hata kimoja alichonunua.

Mwenzenu naye, kama ameteguka hivi karibuni, usimpeleke kukandwa. Mpime hivi kwanza. Bonyeza kwa kidole nyuma ya mfupa unaotokeza upande wa nje wa kifundo, sentimita 6 za mwisho kwenda chini, halafu upande wa ndani vivyo hivyo. Bonyeza na mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, na ule ulio juu ya upinde wa wayo upande wa ndani. Kisha mwambie atembee hatua nne. Mfupa ukiuma unapobonyezwa katika mojawapo ya sehemu hizo, au hatua nne zikimshinda, apigwe picha ya eksirei. Kama hakuna hata moja, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana, na pesa za picha zitumike kwenye tiba. Kanuni hizi zilitungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zimepimwa katika nchi nyingi.

Nimetaja mpira kwa sababu nyingine pia. Utafiti wa muda mrefu wa klabu kubwa za Ulaya, ulioendeshwa kwa ajili ya UEFA na profesa Jan Ekstrand wa Uswidi, ulionyesha kikosi cha wachezaji 25 hupata majeraha 50 hivi kwa msimu, wastani wa mawili kwa kila mmoja. Hao wana nyasi laini, madaktari na wapishi. Ndani ya utafiti huo, saa 1,000 za mazoezi zilitoa majeraha 4, na saa 1,000 za mechi zikatoa 27. Sasa mtazame mchezaji wetu wa Jumapili, Kayole, Kariobangi, popote pale. Jumatatu hadi Jumamosi yuko kazini. Mazoezi ya timu hakuna. Anafika uwanjani, anabadilisha viatu, anapiga danadana mbili, mechi inaanza. Saa zake zote za mpira ni saa za mechi. Yuko upande wa 27 tupu, hana hata saa moja ya upande wa 4, na uwanja wake ni vumbi lenye mawe. Raga ni kali zaidi ya hapo, maana katika mechi za wanaume wa kulipwa tafiti zimepata majeraha 81 hivi kwa kila saa 1,000. Na wasichana wanaocheza mpira huchana ligamenti ya mbele iliyo katikati ya goti (ACL) mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana kwa saa zile zile, jambo ambalo makocha wa shule zetu wanapaswa kulijua.

Lakini majeraha haya yanazuilika, na ushahidi mmoja mzuri umetoka barani kwetu. Lagos, timu za vijana ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifanya mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA yanayoitwa 11+, dakika 20 za kukimbia taratibu, kuimarisha mapaja na kiuno, kuruka na kutua vizuri, na kusimama kwa mguu mmoja. Fungu lingine likaendelea na desturi zake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na majeraha ya fungu la kwanza yalipungua kwa asilimia 41. Hawakununuliwa mashine. Hata nyinyi wakimbiaji mnaweza kuchukua sehemu za nguvu na za kusimama humo mkazifanya Jumanne kabla ya kuanza.

Sasa niseme mlipokosea. Ni Julai. Kutoka kilomita 8 hadi 14 kwa siku moja ni nyongeza ya asilimia 75. Mwaka 2025 ulitoka utafiti uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 kwa miezi 18 kupitia saa zao za mkononi. Watafiti walilinganisha kila mbio na ile ndefu kuliko zote ambayo mtu aliikimbia katika siku 30 zilizotangulia. Aliyevuka asilimia 10 juu ya hapo, hatari ya kuumia ilipanda waziwazi. Aliyevuka mara mbili ya umbali huo, hatari yake ilikuwa zaidi ya mara mbili. Ile desturi ya kulinganisha jumla ya wiki hii na ya wiki iliyopita, ambayo wengi wetu tumekuwa tukiifundisha, haikuonyesha uhusiano na majeraha. Mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka. Siku hizi ninawauliza watu mbio yao ndefu ya mwezi uliopita, na nyongeza yao naipima hapo.

Kwa hiyo mlio wazima, anzeni tena pale mlipokuwa salama, kilomita 8, na mpande kwa sehemu ya kumi kila Jumamosi. Wiki ijayo 8.8, inayofuata 9.7, kisha 10.6. Ukiendelea hivyo bila kuruka hata wiki moja, utahitaji Jumamosi kumi kufikia 20.7. Oktoba haitoshi kwa usalama, hasa kwa kuwa kuna Jumamosi ya msiba, ya harusi, ya mvua, na mwili nao unahitaji wiki ya kupumzika katikati. Kilomita 10 za Oktoba mnaziweza vizuri. Zile 21 wekeni za mwaka ujao. Najua mmeshalipa na labda fulana zimeshachapishwa, na najua kuna mmoja kundini atakayesema yeye anaweza. Huenda anaweza kweli. Ila mkikimbia kwa kufuata kasi yake, wengine mtaumia.

Viatu nitavipita haraka. Raba za mitumba za Gikomba zinafaa kama soli haijaliwa upande mmoja na kiatu hakikubani. Sijawahi kuona jeraha la kundi zima likitibiwa kwa kununua raba mpya, na nimeona familia zikibanwa kwa sababu ya raba hizo.

Nije kwa shemeji. Mpe salamu zangu, na umwambie wasiwasi wake una msingi, kwa maana ni kweli saa za kwanza za mbio ndizo zenye hatari kubwa, na ni kweli mliruka. Lakini juu ya magoti kusagika, ushahidi unasema vingine. Mwaka 2017 zilijumlishwa tafiti za watu zaidi ya 100,000 kuhusu usagikaji wa magoti na nyonga. Wasiokimbia kabisa waliokutwa nao walikuwa asilimia 10.2. Wanaokimbia kwa kujifurahisha, kama wewe, walikuwa 3.5. Wale wa mashindano ya juu walikuwa 13.3. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa ni kwa sababu wenye magoti mabovu huacha kukimbia mapema, kwa hiyo sisemi mbio ni dawa ya goti. Lakini hofu kwamba saa tatu kwa wiki zitakumalizia magoti haina mahali pa kusimama.

Na kuna presha, ambayo wewe uliitaja kwa mstari mmoja ukaipita. Katika uchunguzi ule wa 2015, Mkenya mtu mzima mmoja kati ya kila wanne hivi alikuwa na presha ya juu. Kifundo kilichoteguka hukuuma, hukuchechemesha, hukulazimisha kukishughulikia. Presha haiumi. Inafanya kazi yake kimya mpaka siku ya kiharusi. Ukiniambia uchague kati ya hatari ya goti kuuma wiki tatu na kurudi kukaa kwenye kiti miaka kumi ijayo, sihitaji kufikiri. Usiache. Kama siku ya kukimbia mwili umekataa, tembea kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kutembea haraka kunahesabiwa. Dawa za presha, kama umeandikiwa, endelea nazo, wala usizipunguze mwenyewe kwa sababu unajisikia mwepesi. Ukihisi kifua kubana ukikimbia, simama, na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Wenye magoti wawili na yule wa kisigino wasilale kitandani wakingoja maumivu yaishe. Wapunguze umbali hadi pale ambapo maumivu ni madogo na asubuhi ya pili yameshatulia, waimarishe mapaja na mashavu ya miguu kwa kupanda ngazi na kusimama kwa ncha za vidole, kisha wapande taratibu. David Rudisha, mkimbiaji wetu wa mita 800, baada ya dhahabu ya London 2012 na rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91, alikosa mashindano ya dunia ya Moscow 2013 kwa sababu ya goti. Alirudi akashinda dhahabu nyingine Rio 2016. Alipewa muda, na alirudi kwa hatua. Ila goti likivimba ndani ya saa chache baada ya kusikia kitu kimekatika ndani, au likikwama halinyooki, hilo lionwe na daktari wa mifupa wiki hiyo hiyo.

Nimemwacha mwisho yule wa muundi kwa sababu ndiye pekee anayenitia wasiwasi. Maumivu ya muundi yanayosambaa mbele ya mguu wote na kupoa ukipumzika ni ya kawaida kwa wanaoanza. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuiweka chini ya ncha ya kidole, tena yanayoamka usiku, yanaweza kuwa ufa mdogo katika mfupa uliochoshwa. Mwambie apitishe kidole gumba polepole juu ya ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Akifika mahali pamoja akaruka kwa maumivu, asikimbie tena, wala asicheze mpira, mpaka apimwe. Na kama picha ya kwanza haionyeshi kitu, asifurahi haraka, maana ufa wa aina hiyo mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kawaida kwa wiki mbili au tatu za mwanzo. Daktari akijua hilo atampangia picha nyingine au kipimo cha MRI. Mwezi mmoja na nusu hadi miwili ya kutokimbia kwa kawaida hutosha kuuponya. Akiupuuza, mfupa unaweza kukatika kabisa akiwa anavuka barabara tu. Mpigie leo, usingoje Jumamosi.